Soo Mbili kwa Mwezi

Simu ilipita mkono kwa mkono pale kantini, kioo chake kimepasuka pembeni, na kila aliyeitazama aliacha kutafuna. Kwenye picha kulikuwa na mtoto wa miaka mitano, binti, kifua chote kimefungwa bandeji. Uji ulikuwa umemmwagikia Jumapili asubuhi nyumbani kwao Kiganjo, mamake akiwa amegeuka tu kuchukua kikombe. Ilikuwa mwanzoni mwa Agosti 2022. Babake alikuwa dereva wa foklifti kiwandani kwetu, jamaa wa vichekesho, mtu ambaye hata walinzi wa geti walimtambua kwa mluzi kabla hawajamwona. Siku hiyo hakupiga mluzi. Alisimama karibu na sufuria ya githeri, akaanza kueleza, akashindwa kumaliza.

Mimi ndiye niliyekuwa na daftari.

Ni karani wa mishahara katika kiwanda kimoja kando ya barabara ya Garissa, Thika, upande ule ambako upepo ukivuma huku unanusa mafuta ya kupikia, na ukigeuka unanusa ngozi. Kwa kuwa nashinda na hesabu za watu, 2019 walinichagua mweka hazina wa chama chetu cha kusaidiana. Tuko wanachama 143, kila mmoja soo mbili kwa mwezi, jumla 28,600. Sheria zetu zilitosha ukurasa mmoja: ugonjwa kwenye familia, chama kinatoa hadi 15,000 kwa mwaka, msiba, 25,000. Basi. Sheria hiyo niliiandika mimi, kwa kalamu ya bluu, na nilijivunia mwandiko.

Baada ya NHIF kulipa sehemu yake, bili ya yule mtoto ilibaki 186,000. Kwenye akaunti tulikuwa na 212,000.

Mzee wa boila ndiye aliyesema kile ambacho wote tulikuwa tunangoja mtu aseme. "Hizo sheria si tuliandika sisi? Basi sisi ndio tunaweza kuzifumbia macho." Mikono ikapanda kantini nzima. Wangu pia, na wacha niseme ukweli, ulipanda haraka. Kesho yake nikaenda benki nikalipa 180,000. Zile elfu sita zilizobaki zilichangwa kwenye kofia ya mlinzi, na kofia ikajaa kupita kiasi, ikabidi turudishie watu pesa.

Mtoto alipona. Ana kovu linaloanzia shingoni na anapenda kuuliza maswali. Mwaka jana babake alimleta kiwandani siku ya familia, akaniuliza kwa nini meno yangu ya mbele hayashikani. Kwa hivyo mtu akiniambia tulikosea, namwambia aje amwangalie kwanza.

Lakini wiki saba baadaye mlango wa ofisi yangu uligongwa saa saba mchana, wakati wengine wote wamekwenda kula. Alikuwa mama mmoja wa kule pakingi, kibarua, anakaa Kiandutu. Jina lake nililijua kwa sababu tu liko kwenye orodha. Alikuwa amelipa soo mbili kila mwezi bila kukosa, hata miezi ile ambayo alipata siku tisa tu za kazi. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, anatokwa na damu tangu Juni, na hospitali aliyokwenda ilimtaka alipe 15,000 kwanza ndipo apangiwe siku ya upasuaji. Hakuwa na picha. Ugonjwa wa aina hiyo huwezi kupitisha picha yake kantini. Alizungumza akiangalia kalenda nyuma yangu, akaomba elfu kumi na tano, ambayo ilikuwa haki yake kwa mujibu wa ule ukurasa wa kalamu ya bluu.

Nikafungua daftari ingawa nilijua kilichomo. Zilikuwa zimebaki 32,000 baada ya ile bili. Mwisho wa Agosti ziliingia 28,600. Msiba mmoja ukala 25,000, na wanachama wawili waliougua wakachukua 15,000 kila mmoja. Zimebaki 5,600.

Nikampa zote. Nikamwambia arudi mwisho wa mwezi, nitakuwa na nyingine.

"Sawa, bosi. Nitangoja."

Hakurudi. Alikosa kazi siku kadhaa, supavaisa akamweka mtu mwingine kwenye nafasi yake, maana kibarua hana barua ya kusema nafasi ni yake. Nambari yake ikawa haipatikani. Mwenzake mmoja alisema alirudi kwao Mwingi. Mwingine alisema hajui.

Kuna jambo ambalo nimelizungusha kichwani mara nyingi tangu hapo. Ningeweza kwenda kantini siku ileile, nikagonga sahani kwa kijiko, nikawaambia watu kuna mwenzetu anavuja damu na pesa zake tulizitumia. Sikwenda. Nilijiambia watu wamechoka kuchanga. Nilijiambia ni jambo la siri la mwanamke. Ukweli ni kwamba sikuwa namjua, na ilikuwa rahisi kutokwenda.

Kuna jina la kitaalamu la kile tulichofanya kwa yule mtoto. Mwanafalsafa Albert Jonsen alikiita 1986 kanuni ya uokoaji: mtu akiwa mbele yako na jina lake na uso wake, unatoa chochote ulicho nacho, hata kama pesa hizohizo zingewafaa wengi usiowaona. Nilipoisoma niliudhika kidogo kwamba huzuni yetu ya kantini ilikuwa na jina tayari, tena la miaka mingi. Ila ilinisaidia kuona kitu. Mimi na wenzangu tulidhani tumechagua kati ya mtoto na sheria. Kumbe tulichagua kati ya mtoto na yule mama, kabla hata hajagonga mlango.

Baada ya hapo niliomba mkutano. Tukaandika sheria upya, kurasa nne safari hii. Ombi linaletwa kwa nambari, bila jina. Hakuna picha. Kamati ni ya watu watano kutoka idara tofauti, na mmoja lazima awe kibarua. Theluthi moja ya pesa haiguswi isipokuwa kwa malipo madogo ya dharura, yale ya elfu kumi au kumi na tano yanayomzuia mtu kuingia hospitali. Na kiwango cha juu kinabaki palepale, 15,000, hata aombe nani. Mzee wa boila aliniambia nimeigeuza familia kuwa benki. Sikumjibu, maana sikuwa na uhakika kwamba amekosea.

Basi nikawa mtu wa kusoma mambo haya usiku, kwenye simu, mke wangu amelala. Ndivyo nilivyokutana na kesi ya Thiagraj Soobramoney wa Durban. 1997, umri miaka 41, hana kazi, ana kisukari, moyo mbovu, na figo zimekufa. Alikuwa amemaliza pesa zake zote kwenye hospitali za kulipia. Hospitali ya umma ya Addington ilikuwa na mashine 20 za kusafisha damu na wagonjwa wengi kupita mashine, kwa hivyo ilijiwekea kanuni: anayeanza ni yule ambaye figo zake zinaweza kupona, au ambaye mwili wake unafaa kupandikizwa figo nyingine. Yeye, kwa sababu ya moyo, hakufaa. Akaenda kortini na katiba mpya ya Afrika Kusini mkononi, akisema haruhusiwi kunyimwa matibabu ya dharura. Mwezi wa Novemba Mahakama ya Katiba ikamkatalia. Majaji hawakuficha kwamba wanamwonea huruma yeye na familia yake. Walisema hospitali imegawa kilichopo kwa haki, na kwamba ugonjwa wa kudumu si dharura ya aina inayotajwa na katiba. Siku chache baadaye alifariki.

Nilikaa na kesi hiyo siku nyingi kwa sababu katiba yetu ya 2010 ina maneno yanayofanana, Kifungu cha 43: kila mtu ana haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, na hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Maneno matamu. Halafu nikachukua kikokotoo.

Kiwango kilichowekwa na SHA kwa kipindi kimoja cha kusafisha damu ni 10,650. Mgonjwa wa kawaida huenda mara mbili kwa wiki, mara 104 kwa mwaka. Hiyo ni 1,107,600. Kwenye orodha yangu ya mishahara, mfanyakazi wa 24,000 anakatwa asilimia 2.75, yaani 660 kwa mwezi, 7,920 kwa mwaka. Gawanya. Inahitajika watu 140 kama yeye, wakatwe mwaka mzima, na asiugue hata mmoja wao, ili mtu mmoja aendelee kuishi na figo zilizokufa.

Watu 140. Chama chetu kina 143. Niliona hiyo nambari nikafunga simu.

Oktoba 2024 ilinikuta kwenye dawati langu. Tarehe 1 ndiyo siku NHIF, iliyokuwepo tangu 1966, ilipisha SHA, baada ya mwaka mzima wa vuta nikuvute kortini. Bunge lilipitisha sheria 2023, Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema inakiuka katiba, Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, mambo yakaanza. Mwisho wa mwezi karatasi za mishahara zilipotoka, foleni ya watu wenye hasira ilifika hadi kwenye tangi la maji.

Sasa sikia kichekesho. Wengi wao walikuwa wanakatwa kidogo kuliko zamani. Aliyekuwa analipa NHIF 750 kwa mshahara wa 24,000 alikuwa sasa anakatwa 660. Niliyemwona akikunja uso kwa haki ni meneja wetu, aliyezoea 1,700 ambayo ndiyo ilikuwa kilele cha zamani hata upate milioni, na sasa asilimia haina kilele. Kwa mtu wa hesabu hii ni habari njema: mwenye nacho anambeba asiye nacho. Nikachora jedwali, nikalibandika ubaoni, nikadhani nimemaliza kazi.

Dada mmoja wa maabara alisoma jedwali lote, kidole kikifuata mstari, akaniambia, "Nimeelewa. Bado ni zangu." Nikamwuliza ni zake vipi na zimepungua. Akasema hajali zimepungua, anajali zinakwenda wapi. Niliona anakataa hesabu. Siku mbili baadaye nikiwa kwenye matatu, tumekwama pale Ruiru kwa msongamano, ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anapiga hesabu nyingine ambayo jedwali langu halina safu yake. Chama chetu wanakiamini kwa sababu daftari liko juu ya meza na kila mtu anaweza kulifunua. Nilikuwa nimemwonyesha asilimia wakati alikuwa anaomba aonyeshwe daftari.

Pia kuna mama anayetuuzia chapo na maharagwe nje ya geti. Zamani alikuwa analipa NHIF 500 kwa mwezi, mwezi akiwa nayo. Kwa mfumo mpya mtu asiye na mshahara hujibu maswali kuhusu anavyoishi, kompyuta ikakadiria mapato yake, akalipa ya mwaka mzima; kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mara moja. (Mpango wa Lipa SHA Pole Pole ulikuja baadaye, 2025.) Aliniomba nimjazie kwenye simu yangu saa ya chakula. Ukuta ni wa nini? Paa je? Choo mnashiriki na wangapi? Unapikia nini? Tulipofika kwenye sakafu akaniangalia.

"Mwanangu, tuseme ni ya udongo."

Sakafu yake ni ya simenti. Nimewahi kuingia. Ni simenti ya mwenye nyumba, imepasuka, na kodi yake inamtoa jasho. Nilijua pia kwamba maswali kama hayo yana maana yake: watu wengi wa jua kali hawana karatasi ya mshahara, na lazima kuwe na njia ya kukisia nani anaweza kulipa kiasi gani, na kila mtu akisema udongo, wenye udongo wa kweli ndio wataumia. Nilijua hayo yote nikiwa nimeshika chapati yake mkononi. Kompyuta iliuliza kuhusu sakafu. Haikuwa na pahali pa kuandika kwamba mumewe aliondoka na friji.

Nikaandika simenti. Wiki nzima sikuongezewa supu.

Wakati mwingine nadhani watu wa upande wangu, sisi wa jedwali, tunajisifu mapema sana. Thailand ilipoanzisha bima kwa wote 2002, ile ya baht 30 ukienda hospitali, kusafisha damu kuliachwa nje. Sababu ilikuwa ya hesabu na ilikuwa nzuri: ni ghali mno kwa maisha yanayookolewa, na pesa hizo zingefanya mengi zaidi kwingine. Wagonjwa wa figo hawakukubali. Walijipanga, wakasema, wakaonekana, na watu wakawaona majirani wakiuza mashamba ili wabaki hai mwaka mmoja zaidi. 2008 serikali ikawaingiza. Ila iliwaingiza kwa mpango: wengi waanze na njia ya kusafisha damu kupitia tumbo, inayofanyika nyumbani bila mashine kubwa ya hospitali. Kama wangesikiliza kikokotoo peke yake, wale watu wangekufa. Na kama wangewasikiliza wagonjwa peke yao, sijui mashine wangezitoa wapi.

Sheria yetu ya 2023 nayo ina jopo la kushauri kuhusu huduma zipi zilipiwe na kwa kiwango gani. Najaribu kuwaza wakiwa mezani, kikombe cha chai, faili. Natamani awepo mmoja aliyewahi kupitishiwa simu yenye kioo kilichopasuka, na mwingine aliyewahi kubaki na 5,600.

Machi 2025 mamangu alianza kuvimba miguu. Anakaa Gatundu, peke yake tangu baba afariki, na amejisajili SHA kivyake, kaya ya mtu mmoja. Tulidhani ni presha. Ilikuwa presha, na presha ilikuwa imekula figo zote mbili. Mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa.

Mashine inalipiwa. Nimekaa kando ya ile mashine nikiangalia damu ya mamangu ikizunguka kwenye mrija, na nikakumbuka wale watu 140 wenye mishahara ya 24,000. Niliwashukuru mmoja mmoja, wengine kwa majina, maana orodha yao ninayo. Kilichobaki ni vile vitu vidogo visivyoisha: dawa, vipimo, sindano za kuongeza damu, nauli, na mtu wa kumsindikiza siku ambazo siwezi kutoka kazini. Kufikia Juni nilikuwa na deni Sacco na deni kwa shemeji.

Nikaandika ombi. Niliandika 60,000, nikijua kabisa kiwango ni 15,000, nikajiambia kamati ina akili, itaona. Lilikuwa ombi nambari 31. Kwa kuwa mimi ni mweka hazina ilibidi nitoke chumbani. Nilisimama nje karibu na tangi la maji, na nikajikuta natunga maneno ambayo ningesema kama ningeruhusiwa kuingia. Nilikuwa na picha kwenye simu pia. Mama na mrija. Picha nzuri, mwanga umeingia dirishani vizuri.

Kamati ilijua ni nani. Nambari haimfichi mtu kwenye kiwanda ambacho kila mtu anajua nani anaomba ruhusa Jumanne na Ijumaa. Walikaa dakika ishirini. Dereva wa foklifti ni mmoja wa wale watano sasa, na ndiye aliyetoka kuniambia.

"Kumi na tano."

"Wote mlikubaliana?"

"Wawili walitaka thelathini. Mimi nilikataa." Akangoja niseme kitu. Sikuwa na la kusema. "Ile theluthi inatakiwa kesho, kuna mtoto wa kibarua wa usiku. Na ile sheria, bro, uliiandika wewe."

Nilimchukia kwa muda kama wa kutembea kutoka tangini hadi ofisini. Jioni nikifunga kompyuta akaja tena, akaweka elfu tatu mezani, noti zimekunjwa ndogo kama za sadaka. Akasema hizo si za chama. Akaondoka akipiga mluzi, na mimi nikabaki pale, sijui kama nizirudishe.

Nilizipeleka. Zilinunua dawa za wiki mbili.

Mama bado anaendelea. Jumanne huwa anachoka, Ijumaa anachangamka na kulalamikia kondakta. Kwenye daftari la chama kuna mstari ambao nimeubeba kutoka mwaka hadi mwaka tangu 2022: jina la yule mama wa pakingi, 15,000 toa 5,600, tunadaiwa 9,400. Dada wa maabara ndiye mkaguzi wetu siku hizi, na kila Desemba huniuliza kama mstari huo tunaweza kuufuta, kwa sababu hesabu haifungi vizuri ukiwepo.

Namwambia bado. Halafu najaribu ile nambari tena.